FRECKLES BROWN, MZEE ALIYEMPANDA KIMBUNGA

Sekunde nane, ndugu msomaji, hazitoshi hata kumimina chai na kukoroga sukari. Lakini kwa mpanda fahali wa Marekani huo ndio muda wote wa kazi yake. Akidumu mgongoni mwa mnyama mpaka king'ora kilie, hupewa alama. Akianguka kabla ya hapo, hana chake. Hushika kamba kwa mkono mmoja tu, na ule wa pili ukimgusa fahali, hata kwa bahati mbaya, amekwisha kutolewa. Mchezo huo ni sehemu ya mashindano ya wachunga ng'ombe yaitwayo rodeo, na leo twamkumbuka mmoja wa waliopendwa mno humo: hayati Warren Granger Brown, ambaye watu walimwita Freckles, yaani Madoadoa.

Alizaliwa mwaka 1921 katika jimbo la Wyoming. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa askari, akafika hata Uchina. Baadaye alijipatia ranchi karibu na Soper, kusini-mashariki mwa Oklahoma, nayo haifai kusahauliwa tunaposimulia sifa za uwanjani. Mpanda fahali hana mshahara wala mwajiri. Hulipa ada ya kushindana kutoka mfukoni mwake, husafiri kwa gharama yake, na akishindwa hurudi nyumbani mikono mitupu. Akivunjika mguu, siku za kitandani hazilipwi na mtu. Wewe unayepokea mshahara mwisho wa mwezi, hata kama hautoshi, bila shaka waelewa kwa nini mtu wa kazi hiyo hutaka awe na ng'ombe wake mwenyewe wa kurejea.

Ubingwa wa dunia huhesabiwa kwa fedha alizoshinda mtu mwaka mzima. Mnamo Oktoba 1962, Brown akiwa anaongoza, alirushwa na fahali mjini Portland, jimbo la Oregon, akavunjika shingo. Umri wake ulikuwa miaka 41. Msimu ukaisha yeye akiwa majeruhi, wala hakutokea wa kumfikia. Akatangazwa bingwa huku akiuguza shingo. Wengi wangeishia hapo, na mwandishi huyu asingewalaumu. Yeye alirudi uwanjani.

Wakati huo palikuwa na fahali aitwaye Tornado, maana yake kimbunga, mali ya Jim Shoulders, mtu ambaye mwenyewe alikuwa ametwaa ubingwa wa dunia mara 16. Wapandaji zaidi ya 200 walikuwa wamemjaribu Tornado, na wote, bila kusaza hata mmoja, wakala vumbi. Basi tarehe 1 Desemba 1967, katika Fainali za Taifa mjini Oklahoma City, kura ya kugawa mafahali ikamwangukia Brown. Alikuwa na miaka 46, umri ambao wenzake walikuwa wamestaafu zamani.

Lango likafunguliwa. Tornado akaruka, akageuka, akazunguka kwa nguvu, na mzee yumo mgongoni. Watazamaji wakasimama wakipiga kelele, na king'ora kilipolia Brown alikuwa bado amekaa. Waliokuwapo hawakuisahau siku ile. Wala fahali hakudharauliwa kwa kushindwa. Alipokufa mwaka 1972 alizikwa kwa heshima mjini humo humo, katika viwanja vya jumba la makumbusho ya wachunga ng'ombe.

Brown aliacha kushindana mwaka 1974. Vijana walimwendea kwa mafunzo, naye hakuwa mchoyo wa ujuzi. Mmoja wao alikuwa Lane Frost, aliyempenda mzee huyu kama ndugu wa damu. Saratani ilimchukua Brown mwezi Machi 1987, akiwa na miaka 66. Desemba ya mwaka ule ule Frost akawa bingwa wa dunia.

Hakuishi kuzeeka. Tarehe 30 Julai 1989, mjini Cheyenne, Wyoming, Frost alimaliza sekunde zake nane, akashuka, na fahali akamgeukia na kumpiga kwa pembe ubavuni. Alikufa pale pale kiwanjani, akiwa na miaka 25. Baada ya msiba huo rafiki yake, Cody Lambert, alibuni kizibao cha kukinga kifua, ambacho wapanda fahali huvaa hadi leo.

Frost alizikwa Hugo, Oklahoma, ubavuni mwa kaburi la Freckles Brown.