Shaba nje, aluminiamu ndani: waya inayodanganya macho ya mnunuzi

Anayechuna plastiki ya waya ya umeme na kuona rangi nyekundu huamini kwamba ameshika shaba. Mara nyingi ni kweli. Lakini kuna waya ambayo nje ni shaba na ndani ni aluminiamu, na ikiwa kwenye roli yake si rahisi kuitambua kwa macho tu.

Waya hiyo si ya uongo kwa asili yake. Kiwandani, nondo ya aluminiamu husuguliwa kwanza, kwa sababu uso wake hujifunika haraka kwa oksidi, na oksidi huzuia metali kushikana. Kisha huzungushiwa utepe wa shaba, kingo za utepe huchomelewa, na yote huvutwa kupitia matundu yanayozidi kuwa madogo. Ni mbano ndio unaounganisha metali hizo mbili. Haziyeyushwi pamoja, kwani hapo huzaa mchanganyiko mgumu unaovunjika kirahisi. Mwishoni, shaba ni asilimia 10 au 15 tu ya ujazo wa waya.

Kwa kebo ya antena ya televisheni, huo ni ujanja mzuri: mawimbi ya kasi hupita karibu na uso wa waya, yaani ndani ya shaba. Umeme wa nyumbani hupita katika unene wote. Humo waya hii ina karibu theluthi mbili tu ya uwezo wa shaba ya unene uleule. Fundi aliyepiga hesabu ya shaba, kisha mwenye nyumba akawasha jiko na pasi pamoja, waya inapata moto. Tena aluminiamu hutanuka zaidi ikipata joto, hivyo hulegea kwenye skrubu za prizi, na unyevu ukifika kwenye ncha iliyokatwa, huila. Plastiki inayeyuka, moto unaanza ndani ya ukuta.

Kosa ni la yule anayeiuza kwa jina na bei ya shaba. Na inauma zaidi katika nchi iliyo miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa shaba duniani, ambako Katanga yenyewe iliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Metali inaondoka ikiwa mabamba. Waya nyingi zinarudi kutoka ng'ambo.

Kuitambua hakuhitaji mashine. Shaba ina uzito zaidi ya mara tatu ya aluminiamu, kwa hiyo roli nyepesi kupita kiasi ni ya kutiliwa shaka. Kwaruza waya kwa kisu, au kata ncha na utazame katikati: weupe ukitokea, si shaba tupu. Mtengenezaji mwaminifu huandika herufi CCA juu ya plastiki au kwenye boksi.