Hela ya Daktari Ikae Karibu

Paka dume anaingia kwenye sanduku la mchanga, anachuchumaa, anajikamua, anatoka bila kitu. Dakika chache baadaye anarudi. Wenye nyumba husema amefunga choo. Wanampa maziwa, wanalala. Kumbe mara nyingi ni njia ya mkojo iliyoziba, na mkojo usipotoka kwa siku moja au mbili, potasiamu hupanda kwenye damu hadi moyo ukasimama. Akiletwa mapema, sisi madaktari wa mifugo tunamlaza usingizi, tunapitisha mpira, tunamtundikia dripu. Akichelewa, vinaongezeka vipimo vya damu, matibabu ya figo na siku zaidi za kulazwa. Bili hupanda kwa saa, na kinachowachelewesha wengi ni kuhangaika kutafuta hela.

Kwetu, ukitaja bima ya mifugo watu wengi hufikiria ng'ombe wa maziwa. Na jaribu kumkopa jirani hela ya kumtibu paka uone atakavyocheka! Basi akiba yako ndiyo bima.

Kiasi usikikisie. Siku ya chanjo, mwulize daktari: kuonwa usiku ni shilingi ngapi, kulazwa na dripu kwa siku ni ngapi, upasuaji wa tumbo je? Anza na lengo la kuonwa usiku mmoja na kulazwa siku tatu. Mtoto wa mbwa mwenye ugonjwa wa parvo anaweza kukaa kwenye dripu siku tano au zaidi, lakini siku tatu za mwanzo zikiwa zimelipiwa unapata nafasi ya kutafuta hela nyingine. Akilazwa, omba hesabu ya kila jioni, na useme wazi uwezo wako unaishia wapi. Hakuna aibu hapo. Daktari atapanga kipi kitangulie.

Hela hiyo isiwekwe kwenye kikoba kinachovunjwa mwisho wa mwaka, wala kwenye akaunti inayotaka notisi. Iwe kwenye simu, uweze kuituma saa nane za usiku. Halafu kuna jambo ambalo wenye mbwa wengi hulisahau: mbwa akila sumu, aliyepo nyumbani huenda ni dada wa kazi au mlinzi. Awe na namba ya daktari, nauli ya bajaji, na ruhusa ya kuondoka bila kukusubiri upokee simu. Asimnyweshe maziwa wala mafuta mbwa anayetetemeka, maana yanaweza kuingia mapafuni. Pakiti ya sumu ikipatikana, aje nayo.

Bili nyingine huzuilika kwa chanjo, lakini chanjo ya kichaa cha mbwa, ile inayotolewa kwenye kampeni za kila Septemba, haizuii parvo. Parvo ina chanjo yake, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na wiki ya dripu.

Leo mwulize daktari wako namba anayopokea usiku. Kama hana, tafuta kliniki yenye zamu ya usiku kabla hujaihitaji.