Kabla Hujalipia Heka, Chimba Shimo Kwanza

Masika iliyopita kijana mmoja alinipigia simu asubuhi na mapema. "Shikamoo bwana shamba. Nyanya zangu zinanyauka, na maji yamejaa shambani. Mbona sielewi, mmea unanyaukaje ukiwa ndani ya maji?"

Nilipanda pikipiki nikaenda. Shamba liko tambarare za chini huku Kilimanjaro, heka tatu, amelikodi kwa miaka miwili. Alilipia mwezi wa nane, kiangazi. Dalali alimwambia udongo mweusi namna ile hata mbolea hauhitaji. Nilipong'oa mche mmoja, mizizi ilikuwa ya kahawia na inanuka. Ilikosa hewa, na mzizi usio na hewa hauwezi kufyonza maji hata kama yamejaa. Ndiyo maana mmea unanyauka ukiwa umesimama kwenye dimbwi. Tulichimba mifereji, tukaokoa kona moja tu. Hela za mbegu, dawa na vibarua zilikwenda na maji.

Nakiri kosa langu pia. Kijana huyu alinitumia picha za shamba kabla ya kupanda, nami nikampa hongera. Sikumwuliza udongo ukoje. Leo nawaandikia nyie yale niliyotakiwa kumwambia siku ile.

1. Usimwamini dalali, wala rangi

Weusi si kipimo cha rutuba. Udongo wa mbuga ni mfinyanzi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Kiangazi utaona nyufa pana, nyingine mkono unaingia. Sehemu nyingi utakuta migunga mifupi yenye vinundu vyeusi wanamokaa sisimizi. Ukiona hivyo, jua masika maji yatasimama.

Angalia pia mabaka matupu yasiyoota nyasi, yenye ukoko mweupe au mweusi juu. Hapo kuna chumvi au magadi. Kwenye mashamba ya umwagiliaji ya tambarare tatizo hili lipo sana.

Ukiweza, tembelea shamba mara mbili: kiangazi, na siku moja baada ya mvua kubwa. Ukishindwa, muulize mama anayelima jirani maji yanafika wapi masika na yanakaa siku ngapi. Huyo hana kamisheni.

2. Chimba

Chukua sururu na koleo, chimba shimo la sentimita 60 hivi. Angalia mambo matatu:

- Mizizi inafika wapi? Ikikunjwa na tabaka gumu kwenye sentimita 20, mazao yako nayo yatakunjwa.
- Rangi ya chini ikoje? Udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu maana yake maji hukaa hapo muda mrefu kila mwaka.
- Maji yanashuka vipi? Chimba shimo jingine la sentimita 30, lijaze maji, liache liishe, kisha lijaze tena na upime. Yakishuka chini ya sentimita 2 kwa saa, nyanya, vitunguu na tikiti vitakusumbua bila matuta ya juu na mifereji.

3. Finyanga

Lowesha udongo kidogo, viringisha mkononi. Usiposhikana, ni kichanga: utamwagilia mara kwa mara, na mbolea igawe kidogo kidogo. Ukitoa kamba ndefu unayoweza kuikunja kama pete bila kukatika, ni mfinyanzi mzito. Ukiwa katikati, ni tifutifu. Hapo umepata.

4. Peleka maabara

Macho hayaoni uchachu wala upungufu wa fosforasi. Tembea zigizaga, chukua udongo sehemu 10 hadi 15, kina cha sentimita 0 hadi 20. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, toa nusu kilo, anika kivulini. Ruka kichuguu, zizi la zamani, chini ya mti na palipochomwa takataka. Kama shamba lina udongo wa aina mbili, peleka sampuli mbili. TARI Mlingano kule Tanga na SUA Morogoro wanapima. Uliza bei kabla ya kutuma.

Majibu yakija, anza na pH. Mboga nyingi hupenda kati ya 5.5 na 7. Ikiwa chini ya hapo, udongo ni mchachu. Fosforasi inafungwa, unamwaga DAP na mmea hauipati. Hapo chokaa inatangulia. Ikizidi 8.5, shuku magadi. Jasi husaidia, na inachimbwa Makanya hapo Same, lakini lazima uwe na maji safi ya kusafisha chumvi na mfereji wa kuitoa. Bila mfereji unapoteza hela.

5. Kama unataka kujenga

Ghala au nyumba ya mlinzi juu ya mbuga itapasuka kuta, kwa sababu ardhi inapanda masika na kushuka kiangazi. Jenga sehemu ya mwinuko, au mwone fundi anayejua msingi wa udongo huo kabla ya kununua tofali hata moja.

Sasa msije mkasema mbuga ni laana. Kanda ya Ziwa wanalima pamba humo humo, na dengu zinazotumia unyevu uliobaki baada ya mvua. Mpunga nao huupenda. Kijana wetu bado ana mkataba, na msimu huu amejaza majaruba ya mpunga. Nyanya amehamishia nusu heka ya mwinuko, na safari hii alinipigia akiwa shimoni, koleo mkononi, kabla hajatoa hata shilingi.