Timu Isiyoishia Mnarani

Ukisimama Baraka, mashariki mwa Kongo, ukatazama Ziwa Tanganyika, nyuma ya rasi ya Ubwari kuna Rumonge na Nyanza-Lac za Burundi. Ukishuka kusini, ng'ambo, ni Kigoma. Kwa ndege huo ni mwendo mfupi tu, lakini anga la ziwa hilo limegawanywa kati ya Kinshasa, Bujumbura na Dar es Salaam. Ndege moja inaweza kupita mikononi mwa waongoza ndege wasiofahamiana. Kuwafundisha watu hao kufanya kazi pamoja ni zaidi ya kuwapatanisha walio katika chumba kimoja.

Chukua mfano wa Ulaya. Usiku wa 1 Julai 2002, ndege mbili ziligongana juu ya Überlingen, kusini mwa Ujerumani, wakafa watu 71. Sehemu hiyo ya anga la Ujerumani iliongozwa kutoka Zurich, Uswisi. Pale palikuwa na mwongoza ndege mmoja, akihangaika na skrini mbili. Mwenzake alikwenda kupumzika, kama ilivyozoeleka. Simu kuu ilikuwa kwenye matengenezo. Waongoza ndege wa Karlsruhe waliiona hatari, wakapiga simu Zurich, haikupatikana. Ujuzi ulikuwepo, haukufika ulipohitajika.

Eurocontrol, shirika la Ulaya la usalama wa anga, lilikuwa limeanza mafunzo ya timu miaka ya 1990, likiiga yale ya marubani. Wanafunzi huchukua tukio lililorekodiwa na kuuliza: nani alijua nini, saa ngapi, na kwa nini hakusema? Huku kwetu swali la mwisho ndilo gumu. Kumwambia chefu amekosea si jambo jepesi, na kozi ya siku mbili haiondoi heshima ya ukubwa (wala sioni sababu iondoe). Basi kijana afundishwe kutaja anachokiona: “Chefu, naona ndege mbili kimo kimoja.” Hapo hajamshtaki mtu.

Na timu haiishii kwa waongoza ndege. Pasipofika sauti yao, marubani wanaoruka barani Afrika hujitangaza wenyewe kwenye masafa ya megahezi 126.9: ni nani, wako wapi, kimo gani, wanaelekea wapi. Na kwenye viwanja vidogo vya ndege vya Fizi, eneo la Baraka, anayejua kwamba mvua ya milima ya Itombwe imelowesha njia, au mbuzi wameingia, ni mtu aliyesimama chini na simu yake. Ningemketisha meza moja na waongoza ndege wa Kinshasa na Bujumbura, na zoezi lao la kwanza liwe simu isiyopokelewa.