Dai Jipya au Dai la Nyongeza? Sheria ya Bima ya Nyumba Jimboni Florida

Wahenga walinena kuwa chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mwenye nyumba katika jimbo la Florida, Marekani, ana kila sababu ya kuizingatia methali hii. Tangu Desemba 2022, haki yake ya kufidiwa imefungamana na kalenda pamoja na maana ya istilahi chache za kisheria. Makala hii inafafanua mabadiliko hayo na athari zake kwa anayewasilisha dai.

Florida ni rasi inayopigwa na vimbunga mara kwa mara. Kwa mujibu wa takwimu za idara inayosimamia bima jimboni humo, mnamo 2019 Florida ilikuwa na takriban asilimia 8 ya madai ya bima za nyumba nchini Marekani, ilhali ilikuwa na asilimia 76 ya kesi zilizotokana na madai ya aina hiyo. Baadhi ya kampuni zilifilisika na ada za bima zikapanda. Bunge la jimbo liliitikia kwa kubana muda. Awali, mwenye nyumba alikuwa na miaka 3 ya kuiarifu kampuni kuhusu hasara ya kimbunga. Mnamo 2021 muda huo ulipunguzwa hadi miaka 2, kisha Desemba 2022 ukawa mwaka 1.

Hata hivyo, sheria hiyo inatofautisha aina tatu za madai. Dai jipya ni lile linalowasilishwa kwa mara ya kwanza. Dai lililofunguliwa upya ni lile lililokwisha kufungwa, kisha mwenye bima akaomba gharama zaidi kwa uharibifu alioutaja awali. Haya mawili yana mwaka 1. Dai la nyongeza, linalohusu hasara zaidi kutokana na janga lilo hilo ambalo kampuni iliarifiwa kwa wakati, lina miezi 18.

Mfano wa Kimbunga Milton, kilichotua karibu na Siesta Key tarehe 9 Oktoba 2024, unadhihirisha uzito wa tofauti hii. Muda huhesabiwa tangu siku ya kimbunga, wala si siku uharibifu ulipogunduliwa. Chukulia kwamba majirani wawili waligundua mbao za dari zilizooza mnamo Novemba 2025. Yule aliyeiarifu kampuni mapema, na ambaye nyumba yake ilikuwa bado ikikarabatiwa, aliweza kuwasilisha dai la nyongeza hadi tarehe 9 Aprili 2026. Mwenzake, aliyedhani kuwa madhara ni madogo akanyamaza, dai lake lilikuwa jipya, na muda wake ulikwisha tarehe 9 Oktoba 2025. Mbao ni zile zile, ila jina la dai ndilo lililoamua.

Aidha, kanuni iliyoanzia mwaka wa 1893, ambapo mwenye bima aliyeishinda kampuni mahakamani alilipiwa ada za wakili na kampuni hiyo, iliondolewa katika bima za nyumba. Hivyo basi, mwenye dai dogo huenda akaona gharama ya kushtaki inazidi fidia yenyewe. Vilevile, kwa hati za bima zilizotolewa kuanzia tarehe 1 Januari 2023, hawezi kumkabidhi fundi haki ya kudai malipo kutoka kwa kampuni. Kwa upande mwingine, kampuni nazo zilibanwa: zinapaswa kukiri kupokea dai kwa siku 7 badala ya 14, na kulilipa au kulikataa kwa siku 60 badala ya 90.

Suala hili linawagusa pia wanafunzi wa Kiswahili. Katiba ya Kenya ya 2010 iliifanya lugha hii kuwa rasmi, na kazi ya kutafsiri sheria na mikataba ingali kubwa. Mtafsiri atakayeyaita madai yote hayo "madai mengine" atakuwa amefuta tofauti ya miezi 6, na msomaji wake huenda akapoteza fidia ya paa lake.