Cheche Zinazosikika Redioni

Kihami ni kitu kinachozuia umeme usipite: vikombe vya kaure vinavyoshika nyaya juu ya nguzo, mafuta na karatasi ndani ya transfoma, plastiki inayovaa kebo. Ni nadra kihami kufa ghafla. Huanza na kasoro ndogo, kijitundu cha hewa au ufa mwembamba kama unywele. Hewa iliyonaswa humo ni dhaifu kuliko kihami chenyewe, na bado hubebeshwa msongo mkubwa zaidi, hivyo huvunjika na kutoa cheche. Taa hazizimiki wala fyuzi haikatiki, kwa kuwa cheche hiyo haifiki upande wa pili. Lakini kila ikiruka huunguza kuta za tundu kidogo, kwa miezi, pengine miaka, mpaka umeme unapopata njia na kifaa kuungua.

Vihami vya nje vina mtihani wao katika jiji kama Kigali. Kagugu, kwenye vilima vya sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo, iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500, ambako hewa ni nyepesi na huvunjika kirahisi kuliko pwani. Viwango vya kimataifa vya vifaa vingi huhesabiwa hadi mita 1,000. Zaidi ya hapo nafasi kati ya nyaya lazima iongezwe. Kisha kuna vumbi la kiangazi, Juni hadi Agosti, ambalo manyunyu ya kwanza hulilowesha juu ya vikombe na kulifanya lipitishe umeme.

Bahati nzuri, cheche hujitangaza. Mpigo wake hudumu sehemu ndogo mno ya sekunde na hurusha mawimbi ya redio, kuanzia megahezi chache hadi zaidi ya 1,000. Hata redio ndogo ya betri kwenye masafa ya kati huweza kukwaruza chini ya nguzo yenye kikombe kibovu. Mafundi hutumia antena: hawagusi kitu, hawazimi umeme. Zikiwekwa antena nne, tofauti ya muda wa mawimbi kufika huonyesha chanzo kilipo, kwani katika nanosekunde moja wimbi husafiri sentimita 30. Mbinu hii ya masafa ya juu ilianza kufungwa kwenye swichi za gesi za kituo cha Torness, Uskoti, mwaka 1986.

Kazi ngumu ni kuitenga cheche na kelele za mawimbi mengine ya redio. Kinyinya inalijua jambo hili: hapo ndipo Sauti ya Ujerumani ilirushia matangazo ya masafa mafupi kuanzia 1965 hadi 2015, na wasikilizaji wengi wa Kiswahili waliyapata kupitia mitambo hiyo. Leo inayojaza anga ni minara ya simu na redio za FM. Kinachoiumbua cheche ni mdundo wake. Umeme wa gridi hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, na cheche hufuata vilele vyake, cha chanya na cha hasi, yaani makundi 100 kwa sekunde. Simu haifuati mdundo huo. Kwa kikombe cha nje, kipokezi cha sauti za juu kupita usikivu wa binadamu, zipatazo kilohezi 40, humaliza ubishi.

Antena haiwezi kutaja ukubwa wa cheche kwa uhakika, maana ishara hupungua kwa umbali na kwa kuta za chuma. Kwa hiyo kinachofaa zaidi ni kuiacha mahali pamoja kwa miezi, ikituma takwimu kwa mtandao wa simu, na kuangalia kama cheche zinaongezeka. Transfoma ndiyo kaidi: tangi lake hufungia mawimbi ndani, na mara nyingi kipokezi hulazimika kuingizwa kupitia vali ya mafuta.