Siku ya mwisho ya fungate: Jambiani ilivyotufunza hesabu ya ndoa

FUNGATE si neno la hoteli. Kabla ya kuwapo vitanda vilivyopambwa maua na picha za machweo, Waswahili wa pwani walilitumia neno hilo kwa siku saba ambazo maharusi hukaa ndani baada ya harusi, wakiletewa chakula na jamaa zao. Asili yake ni hesabu. Majirani zao Wagiriama wa pwani ya Kenya mpaka leo saba huiita fungahe. Ndiyo kusema, tangu siku ya kwanza kila mtu anajua itakwisha lini.

Kwetu Rwanda, maharusi wenye uwezo wa kusafiri kidogo walizoea kwenda Gisenyi au Kibuye, kando ya Ziwa Kivu. Mimi na mwenzangu tuliamua kwenda kuiona bahari, ambayo kutoka Kigali iko mbali zaidi ya kilomita 1,000. Kwa kuwa michango ya harusi ilikuwa imekwisha kwenye harusi yenyewe, hatukupanda ndege. Tulipanda basi kupitia mpaka wa Rusumo hadi Dar es Salaam, tukavuka kwa boti hadi Unguja, kisha daladala ikatufikisha kijiji cha Jambiani, pwani ya mashariki, takribani kilomita 55 kutoka mjini.

Siku sita zilipita vizuri. Tulikula pweza wa nazi, tukalala mchana, tukacheka na papasi waliotaka kutuuzia kila kitu kuanzia miwani hadi safari ya pomboo. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo kila mmoja wetu alilikwepa. Wiki mbili kabla ya harusi, mke wangu, ambaye ni muuguzi, alipata kazi ya kudumu katika wilaya ya Nyagatare. Mimi kazi yangu iko Kigali. Wazee wa pande zote mbili walikwishasema yao: kwamba mke mpya haanzi maisha kwa kuishi mbali na mumewe. Jibu lilitakiwa Jumatatu. Sisi tungeondoka Jumamosi alfajiri.

Ijumaa, siku yetu ya mwisho kijijini, mwezi ulikuwa mpevu. Wenyeji huita wakati huo bamvua, yaani maji yanapojaa sana na kutoka sana. Ilipofika saa nne asubuhi bahari ilikuwa imeondoka, ikaacha uwanja mpana wa mchanga na vidimbwi hadi karibu na mwamba. Humo wanawake walikuwa wameinama katika mistari, wakivuna mwani.

Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na vijiji vya Paje na Jambiani ni miongoni mwa vilivyotangulia. Mkulima huchomeka vijiti mchangani, akafunga kamba kati yake, na kwenye kamba akaning'iniza vipande vya mbegu. Baada ya wiki sita hivi huvuna, akaanika juani. Mwani mkavu husafirishwa nje ya nchi, ambako hutolewa kitu cha kuleta uzito katika dawa ya meno, aiskrimu na vipodozi. Wakulima wengi ni wanawake, na fedha hizo zimesomesha watoto na kuezeka nyumba.

Tulimkuta mama mmoja wa makamo akifungua kamba. Mke wangu akamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Wageni wa wapi?"

Tulipomwambia Rwanda, na kwamba tuko fungate na kesho tunaondoka, alicheka. "Basi leo ndiyo mnaoana," alisema. "Hizo siku nyingine mlikuwa mnapumzika."

Alimpa mke wangu upande mmoja wa kamba amsaidie kubeba, na mazungumzo yakaendelea. Alitueleza kwamba kuna aina mbili za mwani. Ile yenye bei nzuri, cottonii, siku hizi hufa kwa urahisi maji yanapokuwa ya moto, kwa hiyo amebaki na spinosum, ambayo hustahimili lakini bei yake ni ndogo. Nilimuuliza mumewe yuko wapi.

"Yuko dago," alisema. Dago ni kambi ya wavuvi wanaohama kufuata samaki, na huweza kuwaweka mbali na nyumbani kwa miezi.

Mke wangu akauliza taratibu: "Na nyumba haiyumbi?"

Mama alisimama akanyoosha mgongo. "Nyumba haiyumbishwi na safari, mwanangu. Huyumba mtu akiondoka bila kusema anarudi lini na ataleta nini. Mimi najua siku yake. Naye anajua mwani wangu umepata kilo ngapi."

Tulirudi bila kusema neno. Jioni ile hoteli ilitaka kutuandalia chakula cha wapendanao ufukweni, mishumaa na vyote, kwa bei ya dola. Tulikataa kwa heshima. Tukaketi kwenye kibaraza na daftari, kwa mara ya kwanza tukiandika mapato ya wawili katika ukurasa mmoja: mishahara, deni la ukumbi, kodi ya Kigali, chumba cha Nyagatare, nauli ya basi ambalo huchukua saa tatu hivi.

Haikuwa rahisi. Mimi nilitaka aikatae kazi; yeye aliniuliza kama ningeikataa yangu. Nilinyamaza kwa muda mrefu, kwa sababu jibu nililijua. Kufikia saa nne usiku, maji yakiwa yametoka tena, tulikuwa tumeafikiana: atakwenda kwa mwaka mmoja, tutakutana kila mwisho wa wiki asipokuwa zamu, na baada ya mwaka yule mwenye nafasi nzuri zaidi ya kuhama ndiye atakayehama, awe mume au mke. Tukaandika tarehe.

Kwa wanaopanga safari kama hii, bebeni pasipoti, na kumbukeni bima ya lazima ambayo Zanzibar iliianzisha Oktoba 2024 kwa wageni wanaotoka nje ya Tanzania. Kabla ya kulipia chumba pwani ya mashariki, tazameni pia kalenda ya mwezi, maana wakati wa bamvua mtu hutembea mwendo mrefu kabla maji hayajafika kiunoni. Wapendao kuogelea saa zote huenda Nungwi au Kendwa, kaskazini.

Zaidi ya hayo, msiijaze siku ya mwisho kwa ununuzi na picha. Iacheni wazi, muwe na daftari na kalamu.

Leo ni mwezi wa tano tangu turudi. Wazee wangali wanaguna, ingawa si kwa sauti kubwa kama mwanzo. Kila Ijumaa jioni nasimama kituo cha mabasi cha Nyabugogo, na kila mwisho wa mwezi daftari lile hufunguliwa mezani. Deni la ukumbi limebaki robo.